Kuuma kwa Kiasi

Mnara uliobeba mawimbi ya Mwamuzi ulianguka Jumatano, saa nne kasoro robo asubuhi, baada ya mvua ya siku tatu kuula udongo chini yake. Nusu saa baadaye Mwalimu Kilasi, mkuu wa Shule ya Msingi Lihanje, alimpigia simu Daktari Aidana Mligo.

"Daktari, watoto wamesimama," alisema. "Njoo uwaone mwenyewe."

Kutoka Taasisi ya Taaluma za Mchezo hadi shuleni ni dakika tano kwa gari. Aidana alifika, akazima gari, akashuka, na kilichomtisha kwanza ni kwamba aliweza kusikia maji yakitiririka kwenye mfereji wa barabarani. Ulikuwa wakati wa mapumziko. Uwanja wa shule ya watoto mia nne haupaswi kumruhusu mtu asikie maji ya mfereji.

Walikuwa wamesimama uwanja mzima, kila mmoja pale miguu ilipomfikisha. Hakuna aliyelia wala kuonyesha woga. Kila mmoja alikuwa ameinua mkono wa kushoto, bangili yake ya Mwamuzi karibu na sikio, kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie sentensi.

"Tangu saa nne kasoro robo wako hivi?" Aidana aliuliza.

"Nilipiga kengele wakaingia madarasani. Nikawaambia tokeni mkacheze, wakatoka wakasimama tena." Mwalimu Kilasi alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msibani. "Nikawaambia chezeni rede. Wakaniuliza nani aanze. Nikamtaja wa kuanza. Akarusha mpira mara moja, ukampata mwenzake, kisha wote wakanitazama mimi wajue kama umempata."

Aidana alipita katikati yao. Walimpisha kwa adabu, wakamwamkia, "Shikamoo," mmoja baada ya mwingine. Karibu na bembea alimkuta msichana wa darasa la tatu amekaa chini, uso umekuwa wa kijivu, mkono wake wa kulia umekunjika mahali ambapo mkono haukunjiki. Watoto watano walikuwa wamemzunguka. Mmoja alikuwa amekanyaga ncha ya sketi yake bila kujua.

"Nani ameona mkono wa mwenzenu?" Aidana aliuliza, huku tayari amepiga magoti.

"Mimi," alijibu mmoja.

"Sasa mbona hukumwita mwalimu?"

"Sikuambiwa kama anaumia."

Aliyejibu alikuwa Subilaga, binti yake mwenyewe, mtoto wa miaka kumi. Hakuwa na ukorofi usoni. Alikuwa amejibu swali aliloulizwa.

Saa tano na dakika mbili mafundi waliwasha mnara wa akiba. Bangili zilinong'ona zote kwa pamoja, na kicheko kikalipuka uwanja mzima kwa sekunde ile ile, kana kwamba kuna mtu aliyefungua bomba. Watoto wakakimbia, mipira ikaruka. Subilaga alimwinamia msichana aliyevunjika, akamshika bega kwa upole, akasema, "Pole sana. Unaumia." Aidana alibaki amepiga magoti kwenye tope.

*

Mwamuzi hakuundwa na watu wabaya. Aidana alilijua hilo kwa sababu alikuwa mmoja wao.

Miaka tisa nyuma, Taasisi iliwakusanya watu ambao kwa kawaida hawasomi vitabu vya wenzao: mwanahisabati wa nadharia ya ushindani, mwanasaikolojia, mwanaanthropolojia aliyeishi na wachezaji bao maisha yake yote, mwanaisimu, na yeye Aidana, daktari wa mifugo aliyeandika tasnifu kuhusu michezo ya watoto wa mbwa. Walibishana miaka miwili juu ya mchezo ni kitu gani. Mwanaisimu, mzee mmoja mchokozi, aliwakumbusha kwamba Kiswahili kinasema mtoto anacheza, na ngoma inachezwa, na nati iliyolegea nayo inacheza. "Mchezo ni ile nafasi," alisema. "Pale pasipokazwa." Habibu Chande, mwanahisabati, alicheka akamjibu kwamba kazi yao hapo ilikuwa ni kukaza nati. Wakacheka wote, Aidana naye akacheka.

Walirekodi michezo laki mbili na zaidi, kuanzia kombolela, mdako na gololi hadi mchezo wa baba na mama. Kutokana na rekodi hizo Habibu alitengeneza Mwamuzi, akili ya mashine inayoweza kuutazama uwanja kwa kamera, kusikia mapigo ya moyo kupitia bangili, na kujua ugomvi sekunde nne kabla haujazuka. Bangili ilinong'ona, na sauti yake ilipanda kwa mfupa wa mkono, hivyo hakuisikia mtu mwingine ila aliyeivaa. Umetoka. Ni zamu yake. Punguza nguvu. Anaumia, mwombe radhi. Mwaka wa kwanza tu majeraha ya viwanjani yalipungua kwa tisini katika mia. Uonevu ulikwisha. Wazazi walileta mbuzi Taasisi kutoa shukrani.

Jioni ya siku ile mnara ulipoanguka, Aidana alimwonyesha Habibu rekodi yake ya zamani. Watoto sita wa mbwa, wamelelewa kila mmoja peke yake. Walilishwa vizuri, wakachanjwa, wakakua wenye afya. Wakiwa na miezi minne waliingizwa chumba kimoja.

Kwenye picha walinusana, mikia ikatikisika. Mmoja akamdaka mwenzake shingoni, kama wafanyavyo watoto wote wa mbwa. Ila huyu hakuachia.

"Zima, dada," alisema Habibu.

"Hakuwa na hasira. Tazama mkia wake, bado unatikisika. Mbwa anajifunza uzito wa meno yake kwa kumuuma mwenzake, mwenzake analia, mchezo unavunjika, kesho anauma kidogo kuliko jana. Sisi tumewaambia watoto kila mara waume kiasi gani. Hawajawahi kujua wenyewe."

Habibu hakubishana. Alikwenda kwenye mashine yake, na kwa siku tatu hakupokea simu ya mtu yeyote. Siku ya nne alikuja ofisini kwa Aidana na karatasi moja.

"Nimepiga hesabu mara kumi na nne," alisema. "Chini ya miaka saba mtoto anaweza kujifunza upya. Ataumia, ataumiza, lakini atajifunza. Baada ya saba mlango unajifunga haraka. Ukizima Mwamuzi kwa wote mkoa mzima, mwaka wa kwanza tunazika watoto thelathini na mmoja. Ndiyo makadirio ya katikati."

"Na tusipozima?"

"Tusipozima hafi mtu. Wanakuwa wakubwa. Wa kwanza wao wanamaliza shule miaka michache ijayo, wanaoa, wanaolewa, wanaendesha magari. Na kila mmoja atahitaji bangili hadi siku anazikwa." Aliikunja karatasi. "Watu wa Mamlaka ya Malezi huko serikalini wameshalitambua hilo kabla yetu. Wameagiza bangili za watu wazima. Hawalioni kuwa ni tatizo, dada. Wanaliona kuwa ni soko lililoiva."

*

Profesa Leokadia Nyoni, mkurugenzi wa Taasisi, alikubali jambo moja tu. Darasa moja la awali, watoto wenye miaka mitano, bila bangili kwa siku thelathini, na wazazi wote watie sahihi. "Utawaambia ukweli," alisema. "Usiwapambie."

Aidana hakuwapambia. Alisimama mbele ya wazazi ishirini na tatu katika darasa lenye viti vidogo, akawaambia kwamba mmoja au wawili kati ya watoto wao wangeumia vibaya kabla siku thelathini hazijaisha, na kwamba hangeweza kuwaahidi itakuwa ni kuumia tu.

Kelele zilizofuata alizistahili. Baba mmoja alimwita mchawi. Kisha mwanamke mmoja akasimama nyuma, na watu wakatulia bila kuambiwa, kwa maana kila mtu mjini alimjua. Bi Yustina Mwalongo alimpoteza mtoto wake wa kwanza, Ezekia, miaka kumi iliyopita. Wenzake walimsukuma kutoka juu ya tangi la maji, wakishindana nani ataning'inia muda mrefu. Ni yeye aliyekwenda redioni na bungeni kudai viwanja vilindwe. Picha yake ilikuwa imetundikwa katika ukumbi wa Taasisi.

"Daktari," alisema, "unajua unamwomba nani?"

"Najua, Mama Oliva. Ningekuwa wewe, ningenipiga kofi."

"Mwezi wa tatu nilimwagikiwa na uji wa moto. Kuanzia hapa hadi hapa." Alijipapasa kutoka kiuno hadi goti. "Oliva alikuwa jikoni na mimi. Nilipiga yowe. Mtoto akaweka bangili sikioni. Akasubiri. Bangili zimefundishwa uwanja wa shule, hazijui uji. Nikagaagaa pale chini na mwanangu ananitazama kama ukuta." Alisogea mbele kati ya viti vidogo. "Nilimzika Ezekia. Lakini Ezekia, siku moja kabla hajafa, alinipulizia kidole nilichojikata kwa kisu. Nipe hiyo karatasi."

Alitia sahihi wa kwanza. Wengine kumi na tisa wakafuata. Watatu wakawachukua watoto wao na kuondoka.

*

Watoto ishirini walivuliwa bangili Jumatatu. Siku ile nzima walisimama, wakakaa, wakasimama. Wawili walijikojolea kwa sababu hakuna aliyewaambia waende msalani.

Siku ya pili Oliva alimuuma mvulana aitwaye Gasto.

Alimuuma mkononi, chini ya kiwiko, na alipoondoa mdomo damu ilikuwa ikimtiririka kidevuni. Gasto alipiga ukelele ambao Aidana hakuwa ameusikia katika uwanja wa shule kwa miaka sita. Muuguzi wa shule alitaka kukimbia kumsaidia. Aidana akamshika mkono.

"Sekunde kumi," alimwambia. "Tafadhali."

Zilikuwa sekunde kumi mbaya kuliko zote alizowahi kuhesabu. Oliva alimtazama Gasto. Akainua mkono wake mtupu hadi sikioni, akausikiliza, akaushusha. Akautazama tena mkono wa Gasto. Kisha akaanza kulia yeye mwenyewe, kwa sauti ile ile ya Gasto, kama aliyeng'atwa.

Gasto alishonwa nyuzi tano. Baba yake alikuja na fimbo. Aidana alisimama mlangoni akapigwa mara mbili kabla Mwalimu Kilasi hajafika.

Siku ya tisa watoto walipindua benchi, wakaanza kupigania nani apande. Walibishana nusu saa nzima kuhusu sheria, mchezo wenyewe ukachukua dakika mbili, wakarudi kubishana. Hakuna mtafiti aliyewahi kuurekodi mchezo ule, na haukuwa na jina. Msichana mmoja alianguka akavunjika mtulinga. Kabla mtu mzima hajafika, watoto wanne walikuwa wamemshika, wawili wanampepea, mmoja anakimbia kuita, "Mwalimu! Mwalimu! Anaumia huku!"

Aidana aliandika kila kitu. Aliandika kwa haraka ya furaha hata akashindwa kusoma mwandiko wake. Ndipo alipoinua macho akaona ua.

Upande wa pili wa waya walisimama watoto wakubwa, darasa la tatu hadi la saba, safu moja, labda mia tatu. Vidole vyao vilikuwa vimeshika waya. Bangili zao zilikuwa zikiwanong'oneza warudi kwenye michezo yao, aliweza kuona mikono ikitetemeka, na kwa mara ya kwanza hawakutii. Walitazama tu, bila kupepesa. Subilaga alikuwa katikati yao.

*

Walikwenda nyumbani kwa miguu, mama na binti. Walipofika kwenye mashamba ya chai, Subilaga alianza.

"Mama, wale wadogo mmewavua."

"Ndiyo."

"Na mimi?"

Aidana alikuwa amejiandaa kwa swali lile, na maandalizi yote yakayeyuka. Profesa Nyoni alimwambia asipambe. Hakudhani angelitumia agizo hilo kwa mtoto wake.

"Baada ya miaka saba, mwanangu, inakuwa vigumu. Hesabu za mjomba Habibu zinasema huenda ukamuumiza mtu vibaya kabla hujajifunza. Huenda usijifunze."

"Nina miaka kumi."

"Najua."

Subilaga alitembea hatua kadhaa. "Kwa hiyo mimi ni yule mbwa wa kwenye picha. Aliyeshika shingo." Aliiona rekodi; Aidana hakujua lini. "Mama, yule mbwa alijua kwamba mwenzake amekufa?"

Katika tasnifu nzima ya kurasa mia tatu Aidana hakuwahi kuuliza swali hilo.

Ijumaa ikaja barua kutoka Mamlaka ya Malezi. Jaribio la darasa la awali lilisitishwa kwa sababu ya majeraha. Watoto wangevishwa tena Jumatatu. Wafanyakazi wote wa Taasisi, kwa heshima ya mchango wao, wangekuwa watu wazima wa kwanza kuvishwa, na maofisa wangeanza kupita majumbani Jumamosi asubuhi. Kuvua au kuharibu bangili lilikuwa kosa la jinai, kifungo miaka mitatu. Habibu alimpigia simu. Alikuwa analia.

"Bi Yustina amemchukua Oliva," alisema. "Amevuka mpaka naye alfajiri. Wazazi kumi na wanne wamefanya hivyo hivyo. Wewe utafanyaje, dada?"

"Sijui," alisema Aidana. Lakini wakati anasema alikuwa tayari anatafuta koleo la kukatia bati kwenye boksi la vifaa vya mifugo.

*

Jumamosi, saa mbili asubuhi, nyuma ya nyumba kulikuwa na nyasi fupi bado zenye umande. Aidana alifunga lango kwa kufuli. Akakata bangili ya binti yake, ikaanguka, ikatetemeka peke yake kwenye nyasi kwa dakika nzima kabla haijatulia.

Subilaga alisugua alama nyeupe mkononi pale bangili ilipokuwa. "Nisimame wapi?"

"Popote."

"Tunacheza nini?"

"Tunapigana mieleka. Mimi na wewe."

"Nani aanze?"

"Anza wewe."

Mtoto alimtazama muda mrefu, uso mtupu kama ubao uliofutwa. Kisha akaja. Aidana alikuwa ameshakumbatia ndama na mbwa koko walioumwa na nyoka, alidhani anajua nguvu ni nini. Hakujua. Subilaga alimpiga usoni kwa ngumi iliyokazwa kwa nguvu zote za mwili wa miaka kumi, bila hasira, bila kusita, jinsi mtu anavyogonga msumari. Jino likatoka. Mdomo ukajaa chumvi ya damu.

Mbwa mama, alikumbuka, hakimbii. Analia, anageuza shingo, anabaki.

Akalia. Hakujizuia, wala hakuigiza. Alilia kwa sauti kama Gasto, huku ametazama macho ya binti yake, ili aone. Subilaga aliinua mkono mtupu hadi sikioni. Hakuna kilichosema.

"Tena," alisema Aidana.

Ngumi ya pili ilimpata sikioni, na upande ule wa dunia ukazimika, ukabaki mluzi. Alianguka. Binti alimkalia kifuani, magoti yakamkandamiza mbavu, mikono miwili ikamshika shingo. Vidole vikabana. Aidana aliona anga la asubuhi likianza kuwa jeusi pembezoni, akafikiria, kwa utulivu uliomshangaza mwenyewe, kwamba makadirio ya Habibu hayakuwa na kosa. Hakumsukuma. Alitoa sauti ndogo tu, sauti yote iliyokuwa imebaki.

Vidole vikalegea.

Si vyote. Viwili, kisha vitatu. Subilaga aliviangalia kama vidole vya mtu mwingine. Alivikaza tena kidogo, akamtazama mama yake usoni, akavilegeza. Akavikaza kidogo zaidi. Uso wa mama ulipokunjamana, akavilegeza haraka, na kitu fulani kikapita machoni pake, kama woga, ingawa Aidana hakuwahi kuuona woga pale na hangeweza kuapa.

Huko langoni mtu alibisha hodi. Sauti ya mwanamume, ya adabu sana. "Hodi wenyewe! Tumetoka Mamlaka ya Malezi. Daktari Mligo, upo?"

Kufuli lilitikiswa, likatulia, likatikiswa tena.

Subilaga hakugeuka. Aliinua ngumi yake, akaishusha taratibu hadi kwenye bega la mama yake, ikagusa, ikasukuma, kwa nguvu ya mtu anayemwamsha aliyelala.

"Hivi?" aliuliza.

"Hivyo," alisema Aidana, kwa mdomo uliovimba. "Tena."